Kozi Ipi Inalipa? Keti Kwanza, Uhesabu Gharama

Mpendwa kijana mwenzangu, kabla hujaendelea kusoma, fungua Biblia yako Injili ya Luka 14:28-30. Soma polepole, mara mbili. Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu mwenye akili hukaa kwanza chini akapiga hesabu, aone kama anazo fedha za kumalizia. Asipofanya hivyo ataishia kwenye msingi, na wapita njia watamcheka.

Najua mstari huu tumezoea kuusikia kwenye mafungo ya miito. Leo nataka tuupeleke sehemu nyingine kabisa: kwenye ile fomu ya maombi ya chuo unayoijaza kwa simu, bando linakaribia kuisha, na dirisha la udahili linafungwa kesho kutwa.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alinipigia. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, amefaulu vizuri kwa kombi ya CBG. Baada ya salamu akasema, "Frateri, nisaidie. Baba anasema ualimu. Rafiki zangu wanasema niangalie kozi inayolipa. Mimi naipenda lishe. Sasa nimsikilize nani?"

Kweli, sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe siku tatu. Unajua kwa nini? Kwa sababu nyumbani kwetu swali hili lilishatugharimu.

Kaka yangu na kofia ngumu

Sisi ni watu wa mkoa wa Mtwara. Baba ni mkulima wa korosho. Mwaka 2013, kaka yangu alipomaliza kidato cha sita, habari ya mjini ilikuwa moja tu: gesi. Makampuni ya nje yalikuwa yamegundua gesi nyingi baharini, bomba la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, na vyuo vilikuwa vimefungua kozi za mafuta na gesi. Kila mtu, kuanzia mjumbe wa nyumba kumi hadi katekista, alisema, "Mpeleke mtoto akasome gesi. Akimaliza, kazi inamsubiri hapahapa mlangoni."

Kaka akachagua kozi ya mafuta na gesi. Mkopo alipata sehemu, sehemu iliyobaki baba alilipa kwa korosho za misimu minne.

Sasa sikiliza kilichotokea. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta katika soko la dunia lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100. Mwezi Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Makampuni makubwa duniani kote yakapunguza matumizi, yakapunguza na watu. Bomba letu lilizinduliwa Oktoba 2015, sawa, lakini ule mtambo mkubwa wa kusindika gesi uliotarajiwa Lindi, ambao ndio ungeajiri watu wengi, ulibaki kwenye mazungumzo. Kaka akahitimu 2017. Hakuna aliyekuwa anamsubiri mlangoni.

Alizunguka na bahasha miaka mitatu. Akaendesha bodaboda, akafundisha tuisheni ya fizikia, mwisho akasoma stashahada ya ualimu na leo anafundisha fizikia sekondari. Ni mwalimu mzuri, wanafunzi wanampenda. Lakini siku moja aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mimi sikuchagua mafuta. Nilichagua picha ya mtu aliyevaa kofia ngumu kwenye bango."

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Mwaka 2015 kituo kimoja cha utafiti wa elimu na ajira cha Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, chuo cha Wajesuiti, kilitoa ripoti kubwa kuhusu thamani ya kozi mbalimbali. Kozi iliyoongoza kwa mshahara ilikuwa ipi? Uhandisi wa petroli, kama dola 136,000 kwa mwaka. Iliyokuwa mkiani ni elimu ya watoto wadogo, kama dola 39,000. Ripoti haikusema uongo. Lakini mshahara ule ulikuwa wa watu waliokwisha kuingia kazini, wengine miaka mingi nyuma, kwenye nchi yenye visima maelfu. Mwaka uleule ambao ripoti inatoka, bei ya mafuta ilikuwa tayari imeanguka, na kaka yangu alikuwa mwaka wa pili.

Kwa hiyo, tujifunze kuuliza swali vizuri. Nimesoma falsafa miaka mitatu (ndiyo, najua, mnanitania kila siku kwamba falsafa hailipi), na kitu kimoja falsafa inachokufundisha ni kutofautisha mambo yanayofanana.

Je, ni kweli kozi inaathiri mshahara wa mwanzo?

Jibu fupi: ndiyo, na sana.

Mtu anaweza kubisha, na ubishi wake una akili. Atasema, "Waliosoma uchumi wanalipwa zaidi kwa sababu wanaoingia uchumi ni wale wenye akili za hesabu na wazazi wenye uwezo. Hata wangesoma historia wangelipwa vizuri." Yaani mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja liwe sababu ya lingine. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jua halichomozi kwa sababu ya jogoo.

Wachumi wawili, Zachary Bleemer na Aashish Mehta, walipata njia nzuri ya kulijibu hilo, na utafiti wao ulichapishwa 2022. Kuna chuo kikuu cha umma California, UC Santa Cruz, kilichokuwa na sheria: ukitaka kusomea uchumi, wastani wako wa GPA katika masomo mawili ya utangulizi uwe angalau 2.8. Chini ya hapo, kwa kawaida unaelekezwa kwenye kozi nyingine. Sasa fikiria wanafunzi wawili. Mmoja kapata 2.8 kamili, mwenzake kakosa kidogo tu. Kwa akili wako sawa, kwa bidii wako sawa. Huyu kaingia uchumi, yule kaenda kozi nyingine ya sayansi ya jamii. Watafiti wakawafuatilia hadi kazini.

Matokeo: walioingia uchumi walipata kama dola 22,000 zaidi kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya kazi. Hiyo ni asilimia 46 zaidi. Karibu nusu ya tofauti hiyo ilitokana na sekta walizoingia, kama benki, bima na uhasibu. Kumbe kozi haikuwafanya kuwa na akili zaidi ya wenzao, iliwafungulia mlango wa nyumba nyingine.

Norway nako wachumi Lars Kirkebøen, Edwin Leuven na Magne Mogstad walifanya kazi inayofanana na hii, iliyochapishwa 2016. Kule mwombaji hupanga machaguo yake kwa mfuatano, kama wewe unavyofanya, na mfumo humpangia kulingana na alama. Walilinganisha watu waliokuwa mpakani. Wakaona mambo mawili ya kukutafakarisha. Kwanza, kozi uliyosoma inabadilisha kipato kuliko jina la chuo ulichosoma. Wewe unayelia kwa sababu hukupata chuo cha ndoto yako, umesikia? Pili, watu wengi huwa wanachagua kozi ambazo wao wenyewe wanazimudu kuliko nyingine, na faida wanayopata inaendana na hilo. Maana yake kozi inayomlipa jirani yako si lazima ikulipe wewe.

Mshahara wa mwanzo si mshahara wa maisha

Hapa vijana wengi tunateleza. Tunaona mshahara wa kuanzia tunadhani tumeuona mwisho.

David Deming na Kadeem Noray wa Harvard waliangalia wahitimu wa uhandisi, kompyuta na fani zinazofanana nazo. Utafiti wao ni wa mwaka 2020. Waliona kwamba hawa wanaanza kazi wakiwa juu sana ya wenzao. Lakini pengo hilo hupungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 10 ya kwanza. Kwa nini? Kwa sababu ujuzi wao unazeeka haraka. Programu uliyoijua ukiwa mwaka wa tatu, baada ya miaka minane hakuna anayeitumia, na kijana mpya aliyetoka chuo juzi anaijua mpya kuliko wewe. Asiyeendelea kujifunza anapitwa.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo wewe huna mamlaka nalo. Utafiti wa Kanada ulioongozwa na Philip Oreopoulos, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba anayehitimu wakati uchumi umeyumba huanza na kipato pungufu kwa kama asilimia 9, na huchukua hadi miaka 10 kuwafikia wenzake waliohitimu wakati mzuri. Kozi ileile, chuo kilekile, mwaka tofauti. Kaka yangu angelielewa hili mapema asingejilaumu usiku na mchana kama alivyojilaumu.

Turudi nyumbani: hesabu ya hapa kwetu

Usichukue dola za California ukazileta Masasi. Chukua namna ya kufikiri, kisha piga hesabu kwa shilingi.

Serikalini, mshahara wa kuanzia unategemea ngazi, na ngazi inategemea kozi. Mwalimu mwenye shahada anaanzia TGTS D. Afisa maendeleo ya jamii mwenye shahada anaanzia TGS D. Mhandisi anaanzia TGS E. Daktari ana ngazi zake za afya, na amesoma miaka mitano kisha mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo. Hizi si siri. Tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira huandika ngazi ya mshahara mwishoni mwa sifa. Soma matangazo hayo kabla ya kuchagua kozi, si baada ya kuhitimu. Yasome kumi. Utaona kozi ipi inatajwa mara nyingi na ipi haitajwi kabisa.

Lakini ngazi haina maana kama hujaajiriwa. Zamani wazee wetu walisema "soma ualimu, ajira ni uhakika", na ilikuwa kweli. Leo mwalimu wa historia na Kiswahili anaweza kukaa mtaani miaka mingi, wakati mwalimu wa fizikia na hisabati anatafutwa. Ajira za walimu siku hizi zina usaili, na waombaji huzidi nafasi mara nyingi. Kwa hiyo hata neno "ualimu" ni pana mno. Ualimu wa somo gani?

Sasa tuchukue mfano. Tuseme umeajiriwa serikalini kwa mshahara wa shilingi 800,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 kwa sheria iliyorekebishwa 2016: hapo 120,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5: 40,000. Bima ya afya asilimia 3: 24,000. Kodi ya mapato kwa viwango ninavyovijua: kama 68,000. Jumla yote 252,000. Mkononi unabaki na kama 548,000. Toa pango, nauli, chakula, na mdogo wako anayeomba ada. Zaka je?

Sisemi haya kukutisha. Nasema kwa sababu ndiyo hesabu ya mnara. Lile bumu unalolipokea mwaka wa kwanza na kununulia simu mpya ni tofali lililokopwa, na mwenye tofali atakuja kulidai.

Je, kufikiria hela ni dhambi?

Nimewahi kusikia kijana wa TYCS akisema kwa kujivuna, "Mimi sijali mshahara, Mungu atatoa." Imani nzuri. Lakini soma Marko 7:9-13. Kulikuwa na watu waliosema mali yangu ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, hivyo siwezi kuwasaidia wazazi. Ilionekana ibada, kumbe ilikuwa njia ya kukwepa amri ya nne. Yesu akawakemea kweli kweli. Ikiwa mama yako alichukua mkopo wa VICOBA ili ufike kidato cha sita, kuuliza "kozi hii itaniwezesha kumtunza?" si tamaa. Ni kumheshimu mama.

Na Kanisa halijawahi kuudharau mshahara. Papa Leo XIII katika Rerum Novarum, mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kupata ujira unaomtosha kuishi. Huwezi kutetea ujira wa haki kama ujira ni kitu kichafu.

Ila sasa tugeuze shilingi upande wa pili. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza kama furaha kamili ya mwanadamu iko katika utajiri. Anajibu hapana, na sababu yake ni rahisi hata mtoto wa Komunio ya kwanza anaweza kuielewa: fedha tunaitafuta kwa ajili ya kitu kingine. Huli noti, unakula ugali ulionunuliwa kwa noti. Sasa kitu ambacho kipo kwa ajili ya kingine hakiwezi kuwa mwisho wa safari. Mtu anayechagua kozi kwa mshahara peke yake anafanana na anayepanda basi kwa sababu lina viti vizuri, bila kuuliza linaenda wapi.

Papa Yohane Paulo II katika Laborem Exercens, mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Thamani ya kazi haianzii kwenye aina ya kazi, inaanzia kwa yule anayeifanya, kwamba ni mtu, sura ya Mungu. Kwa hiyo mfagizi na mhandisi wa petroli hawalingani kwa mshahara, ila kwa heshima wanalingana. Nawe ukikosa kazi hujakosa thamani. Ndugu yangu uliye mtaani na shahada yako, hilo naomba ulisome mara ya pili.

Kijana mmoja aliyechagua kozi

Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu kijana Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, pamoja na Carlo Acutis. Wengi tunamjua Frassati kwa picha za kupanda milima. Wachache tunajua alichosomea: uhandisi wa madini.

Baba yake alikuwa na gazeti kubwa, La Stampa. Kwa mtoto wa nyumba ile, milango yote ilikuwa wazi. Pier Giorgio akachagua madini kwa sababu alitaka kuwa karibu na wachimbaji, watu waliokuwa wanafanya kazi ngumu gizani. Masomo yenyewe yalimpa shida, hakuwa mtu wa kupata A kila mahali. Aliendelea. Alifariki 4 Julai 1925 akiwa na miaka 24, kabla hajamaliza masomo.

Angalia hapo. Mshahara wake wa kuanzia ulikuwa sifuri. Hakufikia siku ya kwanza ya kazi. Na bado hatusemi kozi yake ilipotea, kwa sababu aliichagua akiwa tayari anawapenda watu aliotaka kuwahudumia. Siku ya mazishi maskini wa Torino walijaa barabarani, na familia yake ndipo ikaanza kujua alikuwa anakwenda wapi jioni.

Namna ya kuchagua: hatua nne

Haya ndiyo niliyompa mdogo wangu baada ya zile siku tatu. Chukua daftari, si simu.

*1. Keti.* Kabla ya takwimu yoyote, nenda kanisani nusu saa mbele ya Sakramenti Takatifu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola anashauri uombe kwanza uhuru wa moyo: usiwe umeshaamua, halafu unamtafuta Mungu apige muhuri. Mwambie ukweli: "Bwana, naogopa umaskini," au "Bwana, nataka wenzangu wanionee wivu." Yeye anajua tayari, wewe ndiye unayehitaji kusikia.

*2. Hesabu.* Kwa kila kozi iandikie mistari mitano: ada kwa miaka yote, mkopo utakaodaiwa, ngazi ya mshahara wa kuanzia, matangazo ya kazi uliyoyaona, na kazi gani nyingine mtu wa kozi hiyo anaweza kufanya kama mlango wa kwanza umefungwa. Huo wa mwisho kaka yangu hakuuandika.

*3. Uliza walio njiani.* Tafuta wahitimu wawili wa kozi hiyo, waliomaliza miaka mitatu au minne iliyopita. Mmoja aliyepata kazi na mmoja aliyekosa. Yule aliyekosa ni wa muhimu zaidi, kwa sababu mabango huwa hayamwonyeshi. Muulize anaishije, angerudi nyuma angechagua nini. Wanachama wenzako wa TMCS vyuoni watakuunganisha nao.

*4. Jiweke mahali pengine.* Hili nalo ni la Mtakatifu Inyasi. Fikiria amekuja kijana usiyemjua, ana alama zako, wazazi wako na vipaji vyako. Ungemshauri nini? Kisha fikiria uko kitandani siku ya mwisho ya maisha yako. Ungetamani ungekuwa umechagua nini? Majibu mawili yakikubaliana, umekaribia. Yakipingana, rudi hatua ya kwanza.

Na wazazi je? Wasikilize. Baba anaposema ualimu, mara nyingi hasemi kuhusu ualimu, anasema kuhusu hofu yake. Baba yetu alishaona korosho za misimu minne zikiishia kwenye bahasha ya kaki. Usimjibu kwa "siku hizi mambo yamebadilika". Mpelekee daftari lako, akuonyeshe ulipokosea hesabu. Thoma wa Akwino mwenyewe alifungiwa na ndugu zake karibu mwaka mzima kwa sababu walimpangia njia nyingine, yenye cheo. Hakuwatukana, wala hakuacha wito wake.

Alichofanya mdogo wangu

Alifanya hatua zote nne. Aliwapata wahitimu wawili wa lishe waliosoma Morogoro. Mmoja ni afisa lishe katika halmashauri moja, anasema kazi ni nyingi na wataalamu ni wachache. Wa pili yuko mtaani mwaka wa pili, anatengeneza unga wa lishe wa watoto na kuuza kliniki na sokoni, haujamtoa bado lakini unalipa pango.

Alimpelekea baba daftari. Baba akalisoma kimya kimya, akauliza swali moja tu: "Huyu wa unga, anauza kilo shilingi ngapi?" Wakaanza kupiga hesabu pamoja. Mimi nilikuwa kwenye simu, nimesahaulika kabisa.

Ameweka lishe chaguo la kwanza, uuguzi la pili, ualimu wa biolojia na kemia la tatu. Sijui itakuwaje baada ya miaka mitatu. Soko linaweza kugeuka kama lilivyomgeukia kaka. Lakini safari hii tumeketi kwanza.

Maswali ya kujitafakari (au kujadili VIWAWA na TYCS)

1. Kozi ninayoitaka, niliipenda lini na kwa sababu ya nani? Je, naijua kazi yenyewe au naijua picha yake?
2. Nikipata mshahara mzuri, ni nani atanufaika zaidi yangu? Taja majina.
3. Je, nimewahi kutumia imani kama kisingizio cha kutopiga hesabu? Au hesabu kama kisingizio cha kutosali?
4. Katika jumuiya yetu kuna mhitimu asiye na kazi. Mara ya mwisho nilimtembelea lini?

Tusali

Ee Bwana Yesu, miaka mingi ulishika randa na msumeno Nazareti kabla ya kuhubiri. Wajalie vijana wanaochagua kozi wiki hii moyo huru na akili tulivu. Wasaidie wasidanganywe na mabango wala wasitawaliwe na hofu. Wakumbuke wazazi waliouza mazao na mifugo kwa ajili yao. Wafariji wote wenye vyeti na hawana kazi, wajue kwamba mbele yako hawajapungua. Tunaomba kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi na ya Mtakatifu Pier Giorgio Frassati. Amina.

Kama unajaza fomu usiku huu, niandikie kozi zako tatu nami nitakuweka kwenye nia ya Misa ya kesho asubuhi hapa seminarini. Nitakuombea upate chuo, na zaidi nitakuombea umpate unayekwenda kumhudumia.

Tumsifu Yesu Kristo!